Kizuri Chajiuza, ila Kitajwe

Wahenga walinena kizuri chajiuza. Basi mbona kakangu, fundi stadi wa umeme, alikaa mwaka mzima hapa Nakuru bila kazi?

Jioni moja alinionyesha wasifu wake katika LinkedIn, mtandao wa waajiri na watafutao kazi uliozinduliwa mwaka wa 2003. Chini ya jina lake aliandika: "Natafuta kazi yoyote." Nikamwambia, "Aa, kaka! Sokoni muuzaji haandiki 'chakula kizuri'. Huandika 'Viazi vya Molo', na mnunuzi akajua."

Mstari huo husomwa kabla wasifu haujafunguliwa, na hauzidi herufi 220. Kwa hivyo utaje mambo matatu: kazi unayoijua, unachokifanya hasa, na unawafanyia nani. Tumia maneno ambayo mwajiri mwenyewe angeyatafuta. Wala usijipake sifa usizo nazo. Njia ya mwongo ni fupi.

Tukaandika: "Fundi umeme, Nakuru. Natia umeme majumbani na kutengeneza pampu za maji za wakulima." Kazi ya kudumu hajapata bado, lakini wiki hiyo watu wawili walimwuliza bei. Si haba, jamani!