Je, Wajua? Kondo la Nyuma Hutibu Jicho
Kondo la nyuma, ambalo jamii nyingi hulizika baada ya mtoto kuzaliwa, lina utando mwembamba unaotibu vidonda vya jicho. Ndio ule ulioshika maji ya uzazi. Hauna mishipa ya damu, na mwili wa mgonjwa huukataa mara chache sana. Tena hutuliza uvimbe na kupunguza makovu, na kovu kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, huweza kupofusha kabisa. Daktari de Rötth aliujaribu machoni mwaka 1940, kisha ukawekwa kando hadi miaka ya 1990.

Siku hizi hutolewa na mama aliyejifungua kwa upasuaji, kwa ridhaa yake, baada ya kupimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Huoshwa, hukatwa vipande na mara nyingi hugandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Daktari hutandaza kipande juu ya kidonda na kukishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Baada ya wiki chache huyeyuka chenyewe.

Kidonda chenye vijidudu? Hapo matone ya dawa hutangulia. Shida ni kwamba machozi huyaosha kwa dakika chache tu, ndiyo maana watafiti wanajaribu kuulowesha utando wenyewe kwa antibayotiki, uiachie kidogo kidogo.