Amri fupi zinazofichua seva ya shule iliyoachwa wazi

KATIKA eneo la Soy, kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kuelekea Kitale, mashamba ya mahindi ndiyo humlaki mgeni kabla ya kitu kingine chochote. Baina ya mashamba hayo zimo shule za umma ambazo, tangu mtaala mpya uanze, zimejikuta zikitunza siri nyingi ndani ya tarakilishi: alama za tathmini, orodha za wanafunzi na karatasi za mitihani ambayo bado haijafanywa.

Siri hizo si ndogo. Mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 hupangiwa shule ya sekondari ya juu kwa alama zilizokusanywa miaka kadhaa: asilimia 20 kutokana na KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutokana na KJSEA, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025. Faili iliyobadilishwa usiku mmoja inaweza kumhamisha mtoto kutoka shule moja hadi nyingine.

Mwandishi wa makala haya aliitwa na mwalimu mmoja kijana, mwana wa rafiki yake wa siku nyingi, ambaye ndiye msimamizi wa tarakilishi katika mojawapo ya shule hizo. Karatasi ya Hisabati ilikuwa imeonekana mikononi mwa wanafunzi siku mbili kabla ya mtihani wa muhula. Lawama zilikuwa zimemwangukia katibu wa shule, mama wa makamo ambaye ndiye huchapisha mitihani, na tayari alikuwa ameandikiwa barua ya kumtaka ajieleze.

“Mzee, seva yenyewe imefungwa,” mwalimu aliniambia. “Nimeijaribu mwenyewe. Niliandika jina langu na nywila isiyo sahihi, ikanikataa.”

Seva hiyo ilikuwa tarakilishi kuukuu iliyowekewa mfumo wa Linux, na juu yake programu iitwayo Samba. Kazi ya Samba ni kuziwezesha tarakilishi za Windows kuona folda na vichapishi vilivyomo katika mashine ya Linux kana kwamba nayo ni ya Windows. Iliasisiwa na Andrew Tridgell, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Australia jijini Canberra, kati ya Desemba 1991 na Januari 1992. Jina lake halihusiani na ngoma ya Brazili: Tridgell aliagiza tarakilishi itafute katika kamusi neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, kwa kuwa SMB ndilo jina la lugha inayotumiwa na mashine za Windows kugawana faili. Kwa miaka mingi wenzake walijifunza lugha hiyo kwa kusikiliza tu mazungumzo ya mashine. Ni Desemba 2007, baada ya mahakama ya Ulaya kuunga mkono uamuzi wa 2004 dhidi ya Microsoft, ndipo walipoweza kupata maelezo rasmi kwa malipo ya euro 10,000. Samba hupatikana bila malipo, na ndiyo sababu shule zenye bajeti finyu huikimbilia.

Mipangilio yote ya Samba huandikwa katika faili moja ya maandishi, kwa kawaida /etc/samba/smb.conf. Kila folda inayogawanwa huwa na sehemu yake, na chini ya kila sehemu huwekwa vigezo: folda iko wapi, nani aruhusiwe, je, mgeni aweza kuingia? Mwalimu alinifungulia faili hiyo. Sehemu ya mitihani ilisomeka hivi:

[mitihani]
path = /srv/mitihani
public = yes
vaild users = @walimu

Nikiri hapa jambo la kunitia haya. Jicho langu la zaidi ya miaka thelathini ya kusahihisha proofu lilipita juu ya mistari hiyo lisione kitu. Mwalimu naye alikuwa ameisoma mara nyingi.

Ndipo tukaiendea amri ambayo waundaji wa Samba waliitengeneza kwa kazi hiyohiyo. Huandikwa katika dirisha la amri, lile dirisha jeusi ambalo wengi huliogopa bure:

testparm -s

Amri hii huisoma faili ya mipangilio jinsi Samba yenyewe inavyoisoma, kisha hutoa taarifa. Katika mistari ya mwanzo kabisa ilitueleza kwamba imekutana na kigezo isichokifahamu, “vaild users”, na kwamba imekipuuza. Herufi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Mstari uliotakiwa kuwaruhusu walimu pekee ulikuwa kama haukuandikwa kabisa.

Jambo la pili lilikuwa la hila zaidi. Katika taarifa ile neno “public” halikuwapo; mahali pake palikuwa na “guest ok = Yes”, yaani mgeni aruhusiwe. Maneno hayo mawili ni kitu kimoja kwa Samba, lakini testparm huandika lile rasmi tu, na huacha nje kila kigezo kisichotofautiana na kawaida ya programu. Ndiyo maana taarifa yake huwa fupi kuliko faili yenyewe, na humwonyesha msomaji kile ambacho mashine imeelewa. Mwalimu alikumbuka asili ya mstari huo: alikuwa amenakili sehemu ya folda ya picha za michezo, ambayo kila mtu shuleni aliruhusiwa kuitazama, akabadilisha jina.

Lakini mbona jaribio lake lilikataliwa? Jibu lilikuwa juu kidogo, katika sehemu ya mipangilio ya jumla: “map to guest = Bad User”. Huu ni mstari unaokuja tayari katika Linux za Ubuntu na Debian, na wengi hawausomi. Maana yake ni kwamba mtu akitaja jina ambalo seva inalijua lakini akakosea nywila, atakataliwa; akitaja jina ambalo seva haijapata kulisikia, atahesabiwa kuwa mgeni na kuingizwa panapoingiwa na wageni. Mwalimu alikuwa amejaribu kwa jina lake mwenyewe, ambalo seva inalijua. Mwanafunzi asiye na akaunti yoyote angepita bila kuulizwa.

Tulihakikisha kwa amri nyingine, smbclient, ambayo hujifanya tarakilishi ya mteja anayebisha hodi. Tulitunga jina lisilokuwapo:

smbclient //seva/mitihani -U mgeni%mgeni

Seva ilitufungulia. Karatasi za masomo yote zilijipanga kwenye skrini, Hisabati ikiwa miongoni mwazo. Folda yenyewe ndani ya Linux ilikuwa na ruhusa ya kusomwa na yeyote, kwa hiyo hakukuwa na kizuizi cha pili. Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu.

Hapa yafaa kueleza mipaka ya testparm, kwa sababu wako wanaoiamini kupita kiasi. Licha ya onyo lile, amri hiyo ilitangaza kwamba faili imesomwa sawasawa. Haikudanganya: kwayo, kigezo kisichojulikana si kosa la kuizuia kuendelea. Vilevile haijui kama mgeni kuruhusiwa katika folda ya mitihani ni uzembe au ni mapenzi ya mwalimu mkuu. Hali yake ni kama yetu sisi wahariri wasaidizi: twaweza kusahihisha tahajia ya habari nzima, na habari ikabaki ya uongo.

Kuna mtego mwingine. Maonyo ya testparm hayapiti katika njia moja na taarifa yenyewe. Anayeihifadhi taarifa katika faili kwa kuandika “testparm -s > ripoti.txt” atapata mipangilio bila maonyo, maonyo yatatokea kwenye skrini na kupotea. Anayetaka yote pamoja aongeze “2>&1” mwishoni.

Marekebisho yalichukua dakika chache. Tahajia ilisahihishwa ikawa “valid users”, na mgeni akakatazwa katika folda ya mitihani. Tulifikiria pia kuubadilisha ule mstari wa jumla ili asiyejulikana akataliwe kila mahali, lakini wanafunzi katika maabara ya tarakilishi huchapisha kazi zao kama wageni, na kichapishi kingewagomea. Tukauacha. Badala yake tulizitenga tarakilishi za chumba cha walimu kwa kigezo cha “hosts allow”, kinachotaja anwani za mashine zinazoruhusiwa. Testparm hupima hilo pia, ukiipa jina la faili, jina la tarakilishi na anwani yake:

testparm /etc/samba/smb.conf maabara5 192.168.1.45

Itajibu, folda kwa folda, ni wapi mashine hiyo ingekubaliwa na wapi ingekataliwa.

Yapasa kukumbuka kuwa testparm husoma faili iliyo kwenye diski, wala haisemi na programu inayoendelea kufanya kazi. Samba huambiwa isome upya kwa amri ya “smbcontrol all reload-config”, na aliyekwisha kuingia hubaki ndani hadi atoke. Kuwajua walio ndani wakati huo, na faili walizofungua, msimamizi hutumia smbstatus. Tulipobisha hodi tena kwa jina lile la kubuni, safari hii tulikataliwa.

Upande wa kuchapisha tuliukagua kwa haraka. Katika mashine nyingi za Linux kazi hiyo hufanywa na CUPS, na amri ya “cupsd -t” hukagua mipangilio yake kama testparm inavyokagua ya Samba. Iliyotushughulisha zaidi ilikuwa “lpstat -W completed”, inayoorodhesha kazi zilizokwisha kuchapishwa. Kwa kawaida CUPS huhifadhi nakala ya kila kazi kwa siku moja, kwa hiyo mtihani uliochapishwa asubuhi waweza kuchapishwa tena jioni na mwenye mamlaka juu ya seva. Kigezo cha “PreserveJobFiles No” huondoa nakala hizo mara moja.

Mwisho tuliuliza swali moja kuhusu umri wa lugha inayotumiwa:

testparm -s --parameter-name='server min protocol'

Toleo la kwanza la SMB ndilo lililotumiwa na kirusi cha WannaCry mnamo Mei 2017 kuenea duniani, na tangu toleo la 4.11 la mwaka wa 2019 Samba hailikubali ila msimamizi alifungue kwa makusudi. Jibu likiwa NT1, basi mtu amelifungua, na mara nyingi ni kwa ajili ya tarakilishi moja ya Windows XP iliyosahaulika ofisini. Katika shule hii jibu lilikuwa SMB2_02.

Wakuu wa shule wanaoyaona haya kuwa mambo ya vijana wa tarakilishi wana sheria ya kuzingatia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaruhusu faini ya hadi Sh5 milioni, au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kutegemea kiasi kilicho kidogo. Mnamo Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja jijini Nairobi Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Alama za mtoto ni data yake kama ilivyo picha yake.

Nani hasa aliichukua karatasi ya Hisabati haikujulikana. Samba huweka kumbukumbu ya mashine zilizounganishwa, lakini kwa mipangilio ya kawaida haiandiki kila faili iliyosomwa, na hakuna aliyekuwa ameiamuru iandike. Lililothibitishwa ni kwamba folda ilikuwa wazi kwa yeyote aliyekaa mbele ya tarakilishi ya maabara, tangu siku ilipoundwa.

Mwalimu alichapisha taarifa mbili za testparm, ya kabla na ya baada, akazipeleka ofisini pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja. Mitihani ya masomo yote ilitungwa upya. Barua ya katibu iliondolewa katika faili lake Jumatatu iliyofuata, naye aliomba apewe nakala ya karatasi zile mbili akazihifadhi nyumbani.