Nyongeza Isiwe Pazia

Neno "nyongeza" si geni masikioni mwa mwananchi yeyote wa Visiwa hivi. Limetokana na kitenzi "ongeza", na umbo lake halibadiliki katika umoja wala wingi: nyongeza hii, nyongeza hizi.

Sokoni neno hili lina heshima yake. Mama akishalipia fungu la dagaa humwambia muuzaji, "Niongeze, mwanangu," naye huchota kiganja kimoja akamtilia. Wazee wetu waliopima nafaka kwa kibaba, viwili kuwa kisaga na vinne kuwa pishi, walipambanua kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Kile kilichozidi ukingo kilikuwa hisani ya muuzaji, na aliyepungukiwa ni yeye aliyetoa.

Ofisini nako neno lina nafasi yake. Mtumishi hutarajia nyongeza ya mshahara, na katika Baraza la Wawakilishi, lililoanzishwa mwaka 1980, Mjumbe asiyeridhika na jibu huuliza swali la nyongeza. Matumizi yote hayo ni halali.

Tatizo huanza pale neno hili la ukarimu linapovishwa kupanda kwa bei. Niliwahi kuliona tangazo katika ukuta wa ofisi moja likiarifu "nyongeza ndogo" ya malipo, bila ya kutaja kiasi. Wazee watatu walilisoma, na kila mmoja akaondoka na hesabu yake.

Tena, ndogo kwa nani? Tuseme nauli ni shilingi 500, ikaongezwa shilingi 100. Kwa mwenye gari yake, hiyo si kitu. Lakini kwa anayekwenda na kurudi kazini siku 26 za mwezi, ni shilingi 5,200, nayo ni sehemu ya tano juu ya nauli aliyoizoea. Hali kadhalika, asilimia 10 ya mshahara wa shilingi 300,000 ni 30,000, na ya shilingi 1,500,000 ni 150,000. Nyongeza zinalingana kwa jina, hazilingani sokoni. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hiyo hiyo hukimaliza.

Tuliokaa chuoni mbele ya maalimu tunakumbuka kwamba neno "riba", kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuongezeka. Na "zaka" ndani yake mna maana ya kutakasika na kukua. La kwanza limeharamishwa, la pili limefaradhishwa. Basi kinachohukumiwa si ongezeko lenyewe, bali ni nani anayetoa, nani anayechukua, na kwa haki gani.

Hatusemi kwamba bei zisipande kabisa. Bidhaa nyingi hutufikia kwa bahari, na gharama zikipanda huko zitokako, hapa hazitabaki zilivyo. Mwananchi akielezwa huelewa. Akifichwa hunung'unika, na manung'uniko hayo humfikia kiongozi yakiwa yamekwisha kukomaa.

Kwa hivyo, ndugu zetu mliokabidhiwa kalamu za umma, mnapotangaza malipo mapya andikeni yalikuwa kiasi gani, yatakuwa kiasi gani, kuanzia tarehe gani na kwa sababu gani. Kupanda kwa bei kuitwe kupanda kwa bei. Neno "nyongeza" tumwachie muuza dagaa na kiganja chake, na mtumishi anayeisubiri haki yake.