Linki 500 kwa Siku Moja? Usitume Pesa Kwanza

Una gesti Naivasha au agroveti Njoro, na tovuti yake? Basi meseji ya kukuuzia linki 500 ili utokee juu kwenye Google itakufikia, kama bado. Usitume pesa. Linki kutoka tovuti ya mwingine ni kama jirani kumwelekeza mteja kwako: ina uzito kwa sababu hukuinunua. Tangu Google ilete Penguin, Aprili 2012, za kununua zinaweza kukushusha kabisa. Na pesa ukishatuma mwenyewe, kuirudisha ni kazi.

Anza na wanaokujua: kampuni ya utalii inayokuletea wageni wa Hell's Gate, ama ushirika wa maziwa unaonunua dawa kwako. Waombe wakutaje kwenye tovuti zao. Tangazo la kulipia ni sawa, mradi linki yake iwekewe alama kwamba imelipiwa.