Kiwewe Si Laana ya Ukoo

(Mlio wa kipindi, sekunde 10, kisha ushuke)

MTANGAZAJI: Kipindi hiki tumekirekodi Gikondo, Kigali. Swali la leo: ndugu wawili wamekimbia njia moja, wameona mambo yaleyale. Kwa nini mmoja analala vizuri na mwingine anashtuka usiku akipiga kelele?

Hapa Gikondo swali hilo si geni. Tarehe 9 Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia parokia ya Wapallotti waliuawa humohumo. Kiwewe kilichobaki kwa wengi walionusurika mwaka ule, Wanyarwanda wanakiita ihahamuka.

Wengine wanasema ni laana ya ukoo, wengine ni moyo mwepesi. Watafiti walikwenda kupima katika kambi ya Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda. Walichukua mate, maana ndani ya mate mna DNA, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa baba na mama. Kila agizo linaitwa jeni.

Mwaka 2010 walitoa matokeo ya watu 424. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za vitisho, ndivyo alivyokuwa karibu zaidi kuugua. Lakini waliorithi namna fulani ya jeni iitwayo COMT kwa wazazi wote wawili, waliugua kwa wingi hata walipopitia machache.

Kwa hiyo hakuna jeni moja ya kiwewe. Ni kama urefu au presha: jeni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na maisha yanaongeza yake.

(Muziki, sekunde 5)

MTANGAZAJI: Kuna jambo la pili. Kuwa na jeni si sawa na jeni kufanya kazi. Majirani wawili wana redio za aina moja. Huyu kaongeza sauti, yule kaipunguza. Mwili nao unabandika alama ndogo za kikemia juu ya jeni, na mara nyingi alama hizo huipunguzia sauti. Yanayotupata maishani yanaweza kuzibadilisha.

Mwaka 2014, watafiti walieleza walichokiona kwa manusura 152 wa Rwanda. Walitazama NR3C1, jeni inayousaidia mwili kupokea homoni ya msongo. Kwa wanaume, wenye alama nyingi zaidi hawakuvamiwa sana na kumbukumbu mbaya, na wachache zaidi waliugua. Kwa wanawake hilo halikuonekana.

Msikilizaji, hakuna kipimo cha mate kinachoweza kukuambia wewe utaugua au utapona. Basi msikatae posa ya binti wa watu kwa sababu mama yake ana kiwewe.

Na dawa ipo. Palepale Nakivale, wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2008. Waliozungumza na washauri walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu. Na washauri hao? Walikuwa wakimbizi wenzao, waliopewa mafunzo.

Kama usiku haukupi usingizi, nenda kituo cha afya cha kambi, omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Kama ni jirani yako, msindikize.

(Mlio wa kipindi upande, kisha mwisho)