Mkuu Akinyamaza, Uvumi Hutawala

(Maandishi ya mazungumzo ya redio juu ya amani. Yamechapwa kwa ajili ya wahami wa vita, machifu, wakuu wa kata na wote ambao hawakuweza kusikiliza.)



Tukisikia neno amani, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya bunduki, majeshi na mikataba inayotiwa sahihi mbali na sisi. Leo nitazungumza juu ya kitu kidogo kilicho karibu zaidi: mshahara wa karani wa komini, na neno ambalo mkuu wake alipaswa kulisema lakini hakulisema. Mtaniuliza, mambo hayo yanahusikaje na vita? Nisikilizeni.

Nilipomaliza masomo ya sheria nilifanya staji katika ofisi ya komini moja. Sitaitaja. Tulikuwa watu wanne kwenye meza moja. Wa kwanza alikuwa na namba ya kazi, ile tunayoiita matrikule, na mshahara wake ulitoka Kinshasa. Wa pili alikuwa na matrikule, lakini jina lake lilikuwa halijafika kwenye orodha ya malipo. Wa tatu aliajiriwa na komini yenyewe, na alitakiwa kulipwa kutokana na kodi za soko. Alikuwa amemaliza miezi mitano bila kupata kitu. Wa nne nilikuwa mimi.

Asubuhi moja mama mmoja mhami alifika kuomba cheti cha kupotelewa na vitambulisho. Yule wa tatu akamtaka pesa kupita bei halali. Mama hakuwa nazo. Alitoka akilia: "Hata sisi tuliokimbia mnatukamua!" Kufika saa sita, habari ya sokoni ilikuwa kwamba mkuu wa komini amekula pesa za misaada ya wahami. Kufika jioni, wenyeji walikuwa wakisema kwamba pesa za komini wamepewa wahami, na kwamba ndiyo sababu wafanyakazi hawalipwi. Kesho yake yalirushwa mawe, na vijana wawili wakaumizwa, mmoja mwenyeji na mmoja mhami.

Ndugu zangu, mkuu alijua ukweli wote. Pesa alizozitegemea kutoka jimboni hazikuwa zimefika, basi. Lakini alisema, "Watu hawa hawana haja ya kujua mambo ya leta." Na mimi, mwenye diploma ya sheria, nilimwona mwenzangu akidai zile pesa, nikainamisha kichwa. Ndiyo maana ninalizungumza jambo hili leo.

Nchi yetu ilikwisha kufunzwa

Jambo hili si geni katika Kongo. Tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Askari wa Force Publique walitumaini kupandishwa cheo na kuongezwa mshahara, kwani maofisa wote walikuwa Wazungu. Tarehe 5 Julai, mkuu wao, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya akaandika ubaoni maneno yenye maana hii: kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Siku hiyohiyo uasi ulianza, na hazikupita siku nyingi ukaenea nchini. Hakuna aliyewaeleza askari wale nini kinawezekana, nini hakiwezekani, na lini. Walipewa maneno ya kudharauliwa.

Kumbukeni pia Januari 1993. Serikali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni tano. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema noti hiyo si halali. Askari wakalipwa kwa noti hiyo, wakaenda sokoni, wafanya biashara wakaikataa. Wakaanza kupora mjini Kinshasa, na watu wengi walikufa. Hapo palikuwa na mshahara usionunua kitu, na sauti mbili za wakubwa zinazopingana.

Kutoka mambo hayo makubwa tushuke tena kwenye komini, sekta na usultani wetu. Njia ni ileile. Mfanyakazi asiyelipwa hutafuta chakula chake kwa raia. Raia anayekamuliwa hutafuta mwenye kosa. Mkuu akinyamaza, uvumi ndio unaomchagua mwenye kosa, na mara nyingi humchagua kwa kabila lake, ama kwa sababu alifika juzi.

Sheria inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imeyagusa mambo haya waziwazi. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki na wajibu, kwamba mfanyakazi apate malipo ya kumwezesha kuishi kwa heshima pamoja na jamaa yake, na kwamba asidhulumiwe mtu kazini kwa sababu ya asili yake. Kifungu cha 38 kinalinda uhuru wa kuunda chama cha wafanyakazi, ile sandika. Kifungu cha 39 kinakubali mgomo, ila sheria inaweza kuuwekea mipaka katika mambo ya ulinzi, usalama na huduma za lazima kwa uhai wa taifa. Na kifungu cha 193 kinasema utawala wa umma usipendelee upande wowote.

Na pesa je? Kifungu cha 175 kinasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sultani inasema hizo nazo zipate asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Tupige hesabu pamoja: katika franga 100, jimbo lipate 40, na katika hizo 40, sisi wa chini tupate 16. Hiyo ndiyo sheria. Katika matendo, miaka mingi pesa hizo zimechelewa, zimepungua ama hazikufika. Mkuu wa komini si lazima awe mwizi ndipo wafanyakazi wakose mshahara. Lakini raia watajuaje, kama hakuna aliyewaambia?

Mkuu afanye nini?

Kwanza, azungumze na wafanyakazi wake kabla ya kuzungumza na soko. Ni aibu karani kusikia habari za mshahara wake kwa muuza mandazi. Mara moja kwa mwezi mkuu akae na wajumbe wa sandika, na mhasibu awepo. Yanayosemwa yaandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi.

Pili, abandike hesabu ukutani, mahali ambapo hata asiyeingia ofisini anaweza kuiona: kilichoingia mwezi huu, kilichotoka, kilichobaki, na deni la mishahara. Mistari minne inatosha. Asiyejua kusoma asomewe kanisani, msikitini na sokoni, kwa lugha anayoisikia.

Tatu, kidogo kilichopo kigawanywe kwa kanuni inayojulikana. Kama pesa zinatosha nusu tu, wote wapate nusu, na nusu nyingine iandikwe kuwa deni. Na asiajiri watu wapya, hata wawe wa ukoo wake, wakati wa zamani wanadai. Kila ajira ya siri ni kuni katika moto wa ukabila.

Nne, bei ya kila cheti na ya kila kodi iandikwe mlangoni, na kila anayelipa apewe risiti. Kwa wahami ni zaidi ya bei tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wahami wa ndani zinasema, katika kanuni ya 20, kwamba wakubwa wa nchi wawarahisishie kupata tena vitambulisho walivyopoteza njiani, bila masharti yasiyo na maana.

Tano, mdomo uwe mmoja. Mkuu, naibu wake, mhasibu na mkuu wa polisi wapatane kabla ya kusema. Kama hawajui bado, waseme: "Hatujui bado, tutawaambia Ijumaa." Ijumaa ikifika warudi, hata kama jibu ni lilelile. Ahadi moja ya Ijumaa iliyotimizwa huleta imani kuliko hotuba ndefu.

Katika jimbo la Kivu ya Kusini jambo la namna hii lilijaribiwa katika miaka ya 2010. Komini na sultani kadhaa ziliwaita raia wachague pamoja kazi za kufanywa kwa pesa za komini, na ujumbe wa simu ulitumika kuwaita watu na kuwajulisha yaliyoamuliwa. Kumbe raia si adui wa hesabu.

Chifu mmoja aliniuliza: "Nikibandika hesabu, si nitawaonyesha wanyang'anyi sanduku liko wapi?" Swali lake ni la haki. Kusema ukweli si kusema yote. Usitangaze siku pesa zitakaposafirishwa, wala mahali zinapolala. Usibandike majina ya wahami pamoja na vijiji walivyotoka, kwani kuna wanaowatafuta kwa ubaya. Tangaza jumla, siyo majina. Tangaza kilichokwisha kutumika, siyo kilicho njiani.

Wafanyakazi wafanye nini?

Ndugu zangu wa ofisini, njaa yenu ninaijua, niliiona kwa macho. Lakini mama mhami siye aliyekula mshahara wenu. Mkimtoza yeye, mmebadilisha deni la leta kuwa deni la masikini.

Mkiamua kugoma, andikeni madai yenu, mpelekeeni mkuu, mpeni nafasi ya kujibu, na waelezeni raia sababu. Na msifunge kila kitu. Nitatoa mfano mmoja tu. Sheria ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Zikipita, wazazi hupelekwa mahakamani kutafuta hukumu, na hiyo ni safari na gharama. Sasa mtoto wa mhami amezaliwa chini ya hema, ofisi imefungwa miezi minne. Mgomo wenu umekwisha, mmelipwa, mmesahau. Yeye atauliziwa cheti cha kuzaliwa shuleni, na siku moja atauliziwa kama ni Mkongomani. Wekeni mtu mmoja wa zamu kwa ajili ya vizazi na vifo.

Na sisi raia?

Kwanza, tusibebe neno tusilolijua. Ukiambiwa "pesa zimeliwa", uliza maswali matatu: nani aliona? lini? kartasi iko wapi? Kama hakuna jibu, neno hilo liishie kwako.

Pili, tuulize kwa njia ya sheria. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kumwandikia mwenye mamlaka, peke yake ama pamoja na wengine, na mwenye mamlaka anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Ninawaomba kamati za wahami na kamati za wenyeji waandike barua moja, siyo mbili. Barua iliyotiwa sahihi na mhami na mwenyeji pamoja imekwisha kuua nusu ya uvumi kabla haijajibiwa. Bakizeni nakala, na mwombe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Tatu, tulipe kodi iliyo halali na tudai risiti. Asiyedai risiti anamsaidia mla rushwa.

Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Ofisi isiyo na pesa ni mgonjwa. Mkuu akisema mapema, jamaa wataleta dawa, ama angalau subira. Akificha, siku ya mawe itasema mahali pake.

Yule mama wa cheti nilimtafuta baadaye. Alikuwa amekipata, kwa bei halali, baada ya mkuu kukubali kubandika bei mlangoni. Kartasi moja tu ukutani. Aliniambia: "Mngeibandika siku ile, mtoto wangu asingepigwa jiwe." Mmoja wa wale vijana wawili alikuwa wake.

Kwa hiyo, wakubwa mnaonisikiliza, msingoje mkutano mkubwa. Kesho asubuhi chukueni kartasi na kalamu, andikeni ile mistari minne, mbandike. Na ninyi mnaopita mlangoni, simameni mwisome.

  Amani iwe nanyi, na mwenyeji na mhami walale salama.