Kijana Akilegea, Bei Yake Ni Ipi?

Msomaji wa ukurasa huu ataniuliza: mshairi wa Pwani na besiboli ya Marekani, wapi na wapi? Naam, mchezo wenyewe siuchezi. Kilichonivuta ni soko lake. Timu za huko hubadilishana wachezaji kama watu wabadilishanavyo mali, na mara nyingi mchezaji mwenyewe haulizwi. Na katika soko hilo hapana bidhaa iliyo ngumu kukadiriwa kama mwanagenzi aliyesifiwa kuwa atakuja kuwa hodari, kisha akalegea.

Kila timu kubwa ina timu ndogo chini yake, daraja juu ya daraja, ambako vijana hufunzwa. Kazi ya mtupaji ni kumrushia mpira mpigaji mwenye gongo kwa namna ya kumfanya aukose. Hupimwa kwa alama anazofungwa kwa kila zamu 9: akifungwa 3 husifiwa, akipita 5 watu hukunja nyuso.

Basi mwezi wa Agosti 1987, Detroit walikuwa wakifukuzana na Toronto kuwania ubingwa wa kanda yao. Walihitaji mtupaji, tena upesi. Atlanta walikuwa naye: Doyle Alexander, mzee wa miaka 36, mjuzi wa kazi. Badala yake Atlanta walitaka kijana mmoja tu, John Smoltz, miaka 20, mzaliwa wa Warren, jirani ya Detroit. Kijana huyo alikuwa Glens Falls, madaraja mawili chini ya timu kubwa. Alikuwa ameshinda michezo 4 na kushindwa 10, na alama alizofungwa zilikuwa 5.68. Kwa hesabu ya karatasi, nani angemlilia? Detroit wakampa.

Chuoni kwetu zamani alikuwako mwenzetu aliyekwama katika Juzuu Amma hata watoto waliokuja nyuma wakampita. Wazee wakasema hana kichwa. Maalimu akamwita kando, wawili peke yao, akamsikiliza. Kumbe mtoto akizijua sura zote kwa moyo, ila ulimi ukimfunga akisoma mbele ya watu. Aliyehesabu sura alizozisoma kwa sauti alimwona mjinga. Aliyeuliza sababu alimwona mwanafunzi.

Hivyo ndivyo apimwavyo mtupaji aliyelegea. Hesabu itakwambia amefungwa ngapi, haitakwambia kwa nini. Je, mkono hauna nguvu, au nguvu zipo ila mpira haumtii? Anashindana na rika lake, au na watu waliomzidi umri na uzoefu? Smoltz alikuwa na mkono wenye nguvu, na wengi aliokabiliana nao walikuwa wakubwa wake. Tena kuna jambo la mali: mchezaji kijana hubaki chini ya timu yake kwa misimu 6 hivi kabla hajawa huru kujiuza apendako. Kwa hiyo mwenye kumchukua hanunui mwaka mmoja.

Lakini wasidhani wasomaji kuwa kila aliyelegea ana lulu ndani. Brandon Wood wa timu ya Angels alipiga mipira 43 ya kutoka nje ya uwanja mwaka 2005 akiwa daraja la chini, na sifa zake zikavuma nchi nzima. Lakini tangu huko akiukosa mpira mara nyingi mno, na alipofika juu watupaji wakaliona pengo hilo wakalishika hapo hapo. Mwaka 2011 Angels walimwachilia. Yeye alikuwa na hesabu nzuri iliyoficha kasoro. Smoltz alikuwa na hesabu mbaya iliyoficha uwezo.

Wako wanaowacheka Detroit hadi leo. Mimi siwacheki sana. Alexander alishinda michezo 9 bila kushindwa hata mmoja, akifungwa 1.53 tu, na tarehe 2 Oktoba aliwapiga Toronto wenyewe 4 kwa 3. Detroit wakatwaa kanda, wakatolewa na Minnesota hatua iliyofuata. Walichokitaka walikipata. Ninalowalaumu ni kwamba bei waliipanga kwa haja yao wenyewe na si kwa thamani ya kijana. Na mwenye haja sokoni, wallahi, huuza mtumbwi apate kafi.

Wala Atlanta hawakuvuna kesho yake. Mwaka 1988, Smoltz alipopandishwa timu kubwa, alishinda 2 akashindwa 7. Mwaka 1991 alianza kwa kushinda 2 na kushindwa 11. Hapo akakaa na mtaalamu wa mambo ya nafsi, na sehemu ya pili ya msimu akashinda 12 akashindwa 2. Mkono ulikuwa ule ule. Mwaka 1995 walichukua ubingwa wa Marekani nzima, na 1996 akapewa tuzo ya mtupaji bora wa ligi yao. Jumla alishinda 213, na mara 154 aliingia mwishoni kuulinda ushindi wa wenzake. Hakuna mwingine aliyefikia 200 na 150 kwa pamoja.

Detroit hawakuziona tena hatua za mwisho za ubingwa hadi 2006. Alexander aliacha mchezo baada ya msimu wa 1989. Smoltz alitupa mpira wake wa mwisho mwaka 2009.